Plafoni ya dushi na ya jikoni: plake gani itavumilia mayi?

Mvula ya kwanza ikipiga juu ya manjanja, kesho yake asubui mama ya nyumba anainua macho na anaona alama ya rangi ya chai pembeni ya taa. Mwaka uliopita alama ile ilikuwa kama sahani. Mwaka huu inafika karibu kama meza. Kwa Lubumbashi, kwa Likasi, kwa Kolwezi, kwa Kipushi, habari ni moja, na watu wanasema vilevile: "Fundi alitudanganya." Pengine ni kweli. Lakini mara mingi fundi alifanya kazi yake muzuri. Ni plake yenyewe njo haikupashwa kuwekwa pale.

Siku hizi mufanyakazi wa mugodi anayejenga mu lupango yake hapendi tena plafoni ya triplex. Anataka plafoni nyeupe, laini, yenye taa ndogo ndani, sawa ile aliona ku ofisi ao ku nyumba ya rafiki. Ile plafoni nyeupe inafanywa na plake ya platri. Wengine wanaiita placo, wengine Gyproc (hili ni jina la kampuni, lakini midomo ya watu imekwisha kulitia juu ya plake zote), wengine jipsamu. Mu saloni na mu vyumba vya kulala, plake ya kawaida haina matata, kama paa ni nzima. Matata inaanza pale ambapo mwenye nyumba anaagiza plake za nyumba yote kwa mara moja, aina moja, bei moja, na fundi anapandisha ile ile mu saloni, mu dushi na mu jikoni.

Tunaandika haya zaidi kwa bamama. Papa yuko ku kambi ya kazi, atarudi kisha wiki mbili ao tatu, makuta ametuma kwa simu, na ni mama njo anabaki na fundi, njo anakwenda ku depo, njo anaulizwa: "Mama, tuchukue hii ao ile?" Ile kijani bei yake iko juu. Fundi anasema hakuna tofauti. Muuzaji anasema mengine. Mama anapashwa kujibu pale pale.

Jiwe lenye kubeba mayi

Platri ni jiwe. Kwa Kiswahili cha vitabu wanaliita jasi. Wanalichimba, wanalisaga, wanalichoma kwa moto usio mukali sana, mayi yake inatoka, inabaki unga. Unga ule ukirudishiwa mayi unakuwa tena jiwe kwa dakika chache. Kila mutu aliyevunjika mukono na akafungwa platri ku hospitali anajua namna inavyopata moto kidogo mbele ya kukauka. Mu kiwanda wanamwanga uji ule kati ya karatasi mbili nzito, wanaukausha, wanakata. Ile njo plake.

Mu jiwe lile kavu, ambalo ukiligusa halina baridi wala unyevu, kuko mayi iliyofungwa ndani: karibu 21 kwa mia ya uzito wake. Njo maana platri ni rafiki wakati wa moto. Nyumba ikishika moto, mayi ile inapashwa kwanza kutoka kama mvuke, na wakati inatoka, plake haipandi moto haraka. Triplex yenyewe inawaka. Kwa sisi ambao kuraa inakatika kila mara, na mushumaa unasimama juu ya kikopo karibu na rido, jambo hili si ndogo, na kwangu mimi njo sababu ya kwanza ya kutia platri mu nyumba, mbele ya uzuri wake.

Lakini mayi iliyofungwa ndani ya jiwe ni kitu kimoja, na mayi inayotoka inje ni kitu kingine. Jiwe hili linayeyuka kidogo: litri moja ya mayi inaweza kubeba grami mbili na zaidi za platri. Ni kidogo, lakini mayi ikipita pale pale kila siku, nguvu inapotea. Plake inalainika, inashuka tumbo kati ya mbao na mbao. Na zile karatasi mbili za inje ni chakula. Karatasi inatoka ku miti, na ukungu mweusi unaipenda. Ikibaki na unyevu siku moja ao mbili bila kukauka, ukungu unaweza kuanza. Kwanza ni madoa madogo sawa pilipili, kisha harufu ya nguo zilizofungiwa mu sanduku, kisha mutoto mwenye kifua anakohoa usiku. Mu familia ya mutu wa mugodi, ambapo papa mwenyewe pengine amekwisha kula vumbi miaka mingi, kifua si jambo la kuchezea.

Mwezi wa saba hakuna mvula, mayi inatoka wapi?

Mayi ya plafoni ina njia tatu. Ya kwanza kila mutu anaijua: manjanja inavuya. Musumari umelegea, mpira wake umekauka na jua, ao karatasi ya manjanja haikupandana vya kutosha na ndugu yake. Hapa hakuna plake itakayokuokoa, hata ya bei gani. Paa kwanza. Muzuri zaidi ni kuacha paa ipitishe wakati moja wa mvula nzima, unatembea chini yake na torchi, unatia alama ya makala pale panapodondoka, unatengeneza. Kisha mu mwezi wa tano, wakati wa jua ukianza, njo unapandisha plafoni. Ukuta pia utakuwa umekauka, maana nyumba mupya yenye sima mbichi inatoa mayi mingi mu hewa, na plake inainywa.

Njia ya pili ni mvuke. Ndoo ya mayi ya moto mu dushi, watu watano ao sita wakipokezana asubui, mulango umefungwa juu ya baridi. Mu jikoni, nyungu ya maharagi saa tatu juu ya moto, sombe saa mbili, kisha mayi ya bukari. Mvuke wote unapanda juu. Haujui njia nyingine.

Njia ya tatu ni ile inayochanganya watu. Tuko mu mwezi wa sita ao wa saba, mvula iliacha tangu wiki mingi, na plafoni inatia alama mupya. Watu wanaita fundi wa paa, anapanda, anaona manjanja nzima, anashuka, anachukua makuta yake. Mwezi unaofuata, alama tena. Wengine wanaanza kusema maneno ya jirani.

Jirani hayuko ndani. Lubumbashi iko karibu metri 1200 juu ya bahari, Kolwezi iko juu zaidi, inapita 1400. Usiku wa mwezi wa saba mbingu ni wazi, hakuna wingu la kufunika, na baridi inaweza kushuka chini ya digri 10. Manjanja, ambayo ni chuma chembamba kinachoangalia mbingu, inakuwa baridi kupita hewa yenyewe. Sasa, hewa ya moto inabeba mayi mingi kuliko hewa ya baridi. Metri kube moja ya hewa ya digri 25 inaweza kubeba mpaka karibu grami 23 za mayi. Ikifika digri 10 haiwezi kupita 9 na kidogo. Hewa ya dushi na ya jikoni inapanda, inapita mu matundu ya taa na mu viungo, inagusa manjanja ya baridi, na ile mayi ambayo haiwezi tena kuibeba inaiachilia pale. Matone yanajipanga chini ya manjanja sawa jasho, asubui yanadondoka juu ya mugongo wa plake. Unaweza kuhakikisha wewe mwenyewe: pasua mulango wa juu saa kumi na moja ya asubui, mwezi wa saba, pitisha mukono chini ya manjanja. Mukono utarudi na mayi.

Kwa hiyo plake ya dushi inapigwa pande mbili: chini na mvuke, juu na matone. Na fundi mwingi anatia rangi upande wa chini tu.

Kijani si baraka, soma mugongo

Plake ya kuvumilia unyevu inakuwa mara mingi na karatasi ya rangi ya kijani. Ndani yake wamechanganya na platri dawa ya kukataa mayi, sawa silikoni ao namna ya mushumaa, na karatasi yenyewe imetengenezwa ili isinywe haraka. Kwa Kifaransa wanaiandika "hydrofuge". Ile ya rangi ya pinki ni kwa ajili ya moto, haina kazi na mayi. Kuko wauzaji wanaoitoa kwa watu ya dushi kwa sababu tu "ni ile ya bei". Bei haikaushe plake.

Rangi ni desturi tu, mutu anaweza kutia karatasi ya kijani juu ya kitu chochote. Geuza plake, soma yaliyoandikwa ku mugongo ao ku ukingo. Mu kanuni ya Ulaya, EN 520, plake ya unyevu ina herufi H, na kuko H1, H2 na H3. Wanazamisha kipande mu mayi wakati wa saa mbili nzima, wanapima. H1 haina ruhusa ya kuongezeka uzito kupita 5 kwa mia, H2 10 kwa mia, H3 25 kwa mia. Kwa plafoni ya dushi, H1 njo ya kutafuta. Zile zinazotoka nchi zingine na kuingia kwa Kasumbalesa zinaweza kuwa na alama za namna nyingine. Uliza muuzaji akuonyeshe karatasi ya kiwanda. Akikosa, tumia kilo ya sokoni.

Hii ni kazi ya mama yeyote mwenye besani. Omba ku depo kipande kilichokatika, mara mingi kiko pale pembeni, cha kijani na cha kawaida, kila kimoja karibu sentimetri 30 kwa 30. Kipime. Kizamishe mu besani ya mayi saa mbili, tosha, panguza inje na kitambaa, pima tena. Kipande cha unene wa milimetri 12,5 kina uzito karibu grami 800. Kama ni H1 ya kweli, hakitaongezeka zaidi ya grami 40. Kile cha kawaida kitakunywa mara mingi zaidi, utasikia uzito wake ku mukono hata bila kilo, na karatasi itaanza kujifungua. Kama kile cha kijani kimekunywa sawa na cha kawaida, umeokoa makuta yako kwa besani moja ya mayi.

Kitu kingine ku depo: angalia namna plake zilivyolala. Zinapashwa kulala chali juu ya mbao, zote sawasawa, mbali na udongo, chini ya paa. Plake iliyosimama imeegemea ukuta tangu wiki tatu imekwisha kupinda. Plake iliyopigwa na mvula juu ya kamyo kisha ikakaushwa na jua inaonekana muzima, lakini pitisha kidole ku ukingo: kama karatasi inajitenga na platri, acha ile yote ku mwenyewe.

Hesabu ya bei

Watu wengi wanakataa kijani kwa sababu wanahesabu nyumba nzima. Usihesabu nyumba nzima. Dushi ya metri 2 kwa metri 2,5 inaomba plake mbili za metri 1,2 kwa 2,5. Jikoni ya metri 3 kwa 2,5 inaomba tatu. Ni plake tano. Saloni, vyumba, koridori, weka ya kawaida. Tofauti ya bei ya plake tano, ukiilinganisha na kurudia plafoni mbili kisha miaka miwili, pamoja na siku za fundi, pamoja na rangi, mama atajua mwenyewe nini ya kuandika mu kaye yake.

Na unene? Kuko ya milimetri 9 na ile ya 12,5, hata nyembamba kuliko 9. Nyembamba inapendwa kwa sababu ni nyepesi na fundi anaweza kuipandisha peke yake na mutoto wa kazi moja. Mu chumba kikavu, na mbao za karibu karibu, inaweza kwenda. Mu dushi, hapana. Platri yenye unyevu inashuka polepole kwa uzito wake mwenyewe, na nyembamba inashuka mbele.

Plake ya 12,5 ina karibu kilo 9 kwa metri moja ya mraba. Plake moja ya metri 3 za mraba ni karibu kilo 27. Chumba cha metri 3 kwa 4 kina juu yake zaidi ya kilo 100, maana yake mifuko miwili ya sima inaning'inia juu ya kitanda cha watoto. Mutu wa mugodi hatahitaji kuelezwa zaidi.

Toit ya nyumba

Wale wenye kutumika chini ya udongo wanajua: mbele ya kupitisha watu mu galeri, wanagonga toit na chuma. Ikilia ngumu, pita. Ikilia kama ngoma, angusha kwanza. Yaya mumoja wa kazi hii alisema kwamba anafanya vilevile ku nyumba yake na fimbo ya ufagio. Mawazo ni muzuri, lakini plafoni ya platri yote inalia kama ngoma, kwa sababu nyuma yake kuko hewa. Hapa si sauti ya kusikiliza. Sukuma polepole na kichwa cha ufagio, ukifunga kitambaa, karibu na viungo na karibu na visi. Plake ikipanda kidogo na kurudi, visi imeachilia. Ukisukuma na pakabaki alama, platri imekwisha kuoza. Tosha vitanda chini yake siku ile ile, usingoje papa arudi.

Kinachoshika plafoni ni mbao ao vyuma vya nyuma, na hapa njo watu wanaiba bila kuonekana, maana plake ikifunga, nani atahesabu? Kati ya mbao na mbao, ao chuma na chuma, isipite sentimetri 60; mu dushi na mu jikoni, 40 ni muzuri zaidi. Plake inakwenda kwa kukatisha mbao, si kwa kuzifuata, na viungo visipangwe mustari moja. Mbao iwe kavu. Mbao mbichi inakauka juu ya kichwa chako, inapungua, na musumari unachomoza kichwa sawa mutu anayechungulia. Njo sababu visi inashinda musumari: musumari unashikwa na mbao tu, visi inajishika yenyewe. Mu pahali pa unyevu uliza visi za galvanize. Ile nyeusi ya kawaida inaweza kutia kutu, na kutu inatoka mu rangi kama doa la damu. Kila sentimetri 30 visi moja, sentimetri 1 na kidogo mbali na ukingo. Kichwa cha visi kizame kidogo tu bila kupasua karatasi. Ikipasua karatasi, visi ile haishiki tena kitu, tia nyingine pembeni.

Kwa familia zinazoishi karibu na karieri, ambapo nyumba inatetemeka kila mara dinamiti ikilipuka, neno la visi ni la lazima mara mbili, na pia utepe wa karatasi mu viungo. Fundi anayejaza viungo na platri bila utepe atakuachia nyufa mbele ya mwezi kuisha. Lakini ufa ukitoka mu ukuta na kupanda mpaka plafoni, ile ni habari nyingine; plafoni mupya itaificha tu.

Pale ambapo platri isiingie

Hata H1 si plastiki. Inavumilia mvuke unaokuja na kwenda. Haivumilii mayi inayobaki. Dushi ya inje, ile iliyofunikwa nusu. Baraza ambapo mvula inaingia na upepo. Dushi ya pamoja ya wapangaji ambapo mayi haikauke toka asubui mpaka usiku: hapa usitie platri ya namna yoyote. Kuko karatasi za plastiki (PVC), zile zinazoingiliana. Hazinywi mayi, zinapanguzwa na kitambaa, na kwa dushi ni nzuri. Mu jikoni ya makala sizipendi: zinalainika na joto, na zikiwaka moshi wake ni mukali, unachoma kifua. Kuko fibrosima ya leo, nzito na ya bei, lakini mayi haiisumbui.

Fibrosima ya zamani ni jambo la kuogopa. Mu nyumba za kambi za wakati wa Wabelgiji na za miaka iliyofuata, kuko mahali ambapo bado kuna karatasi za kijivu, ngumu, ambazo watu wanaziita éternit. Karatasi za sima za miaka ile zilikuwa mara mingi na amianti ndani. Ikiwa nzima, haijavunjika, imetiwa rangi, iache, usiiguse. Usiikate na sio, usiitoboe, usiipige nyundo ili "kutosha haraka plafoni ya zamani", usiwape watoto vipande vya kuchezea. Vumbi yake inaingia ndani ya mapafu na haitoke, na ugonjwa unaweza kungoja miaka 20, 30 ao zaidi mbele ya kujionyesha. Kama inapashwa kutoka, ilowanishwe na mayi, itolewe nzima nzima, na mwenye kutosha avae maski ya kweli, si kitambaa. Ubelgiji wenyewe ulikataza amianti mu mwaka 1998.

Triplex ina wateja wake bado. Ni nyepesi, inakatwa na sio yoyote. Mu unyevu inajitenga karatasi karatasi na mchwa wanaijua anwani yake. Mu dushi haina maana.

Matundu ya hewa, na mbabula

Plake nzuri mu chumba kisicho na hewa itakufa polepole. Dushi iwe na dirisha dogo linalofunguka, ao matofali ya matundu juu karibu na plafoni. Na juu ya plafoni, chini ya manjanja, pia papite hewa: acha nafasi ku pande mbili za paa, upepo uingie huku utoke kule, na uifunge na wavu mwembamba, maana popo na panya wanapenda sana plafoni kavu, na mukojo wa popo unatia alama ambayo hata fundi wa paa ataisingizia mvula. Wavu, si sima.

Kwa jikoni neno hili linapita plake. Nyumba ya zamani bila plafoni, moshi na hewa mbaya ya makala vilikuwa vinapanda na kutoka kati ya ukuta na manjanja. Ukifunga plafoni muzuri, ukajaza viungo, ukatia silikoni ku pembe, umeziba ile njia. Mbabula ikiwaka ndani, makala inatoa hewa ambayo haina harufu wala rangi, kwa Kifaransa monoxyde de carbone, na hewa ile inaua watu wamelala. Mbele ya kufunga plafoni ya jikoni, toboa matundu ya ukuta, moja juu na moja chini, na usiyazibe mu mwezi wa saba juu ya baridi. Kubeba mbabula mu chumba cha kulala ili kupata joto, plafoni ikiwa nzuri namna hii, ni hatari kuliko wakati ule paa ilikuwa wazi.

Kama alama imekwisha kutokea

Usipake rangi mbele ya kujua mayi ilitoka wapi. Ikiwa plake ni ngumu bado, doa ni la rangi ya chai tu, iache ikauke kabisa, wiki moja ao mbili za jua, kisha tia mukono moja wa rangi ya mafuta juu ya doa peke yake, na juu yake rangi ya kawaida. Ukitia moja kwa moja rangi ya mayi, doa litarudi kesho. Linapita ndani yake. Madoa madogo ya ukungu yanapanguzwa na mayi ya javeli iliyochanganywa na mayi mingi, madirisha wazi, na usichanganye javeli na dawa nyingine ya WC. Lakini kama ukungu umeingia ndani ya karatasi, ao plake imelainika, kata kipande chote mpaka ku mbao na utie kingine. Karatasi iliyooza haipone.

Kwa plake mupya ya dushi, kwanza mukono moja wa rangi ya kufunga, kisha mikono miwili ya rangi inayooshwa. Chokaa inapenda ukuta wa sima. Juu ya karatasi itabanduka. Na wakati fundi anapangusa viungo na karatasi ya msasa, watoto watoke, chakula kifunikwe, na yeye mwenyewe avae maski. Ni vumbi nyeupe, nyembamba, inafika mpaka mu chumba cha mwisho.

Na kabla hajafunga plake ya mwisho, mwambie aache mulango mudogo wa kupandia juu, sentimetri 60 kwa 60, mu koridori, si mu dushi. Wafundi hawaupendi, wanasema unaharibu sura. Mvula ya kwanza ikianguka usiku, simamisha ngazi pale, panda na torchi, na angalia mugongo wa plake za dushi mbele alama haijafika chini.